Mtunzi kafa 1726, mhariri wake naye asilipwe?

Kila ikija mada ya hakimiliki ya nota za mziki wa zamani watu wanasema mziki huo ni wa wote, mtunzi keshakufa, anayedai hela leo anadai ya nini. Hoja ina uzito, sikatai. Ila kesi ya Lionel Sawkins na kampuni ya kurekodi mziki ya Hyperion kule Uingereza wengi wanaihukumu bila kujua jamaa alifanya kazi gani.

Sawkins ndiye mhariri ninayemsema, mtaalamu wa Michel-Richard de Lalande, mtunzi wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, huyo aliyekufa 1726. Hyperion wakarekodi kazi za Lalande kwa kutumia nota alizoziandaa yeye. Hela ya kukodi nota walikuwa tayari kutoa, mrabaha wa hakimiliki wakakataa, wakasema mziki ni wa Lalande na Sawkins hajatunga chochote kipya, na kweli mwenyewe alikuwa anataka kumrudisha Lalande kama alivyokuwa.

Sasa angalia kazi yenyewe. Kama masaa 300 kwa kila toleo, na masahihisho na nyongeza zaidi ya 3,000! Nakala za zamani hazifanani, hii imeandika hivi ile vile, mtu inabidi akae achague ipi ni sahihi na awe na sababu. Zile tarakimu ndogo za kwenye besi zinazomwambia mpiga ogani abonyeze noti zipi kwa pamoja, pengine hazipo, akaziweka. Kuna sehemu za viola, ala ya nyuzi kama fidla, zilipotea kabisa, akaziandika upya. Toa hayo yote halafu ingiza okestra na waimbaji studio uone kama kuna rekodi itatoka. 2005 Mahakama ya Rufaa ikampa haki Sawkins, na mimi naona ilikuwa sawa kabisa.

Wenye hofu wanasema Lalande kafungiwa. Hajafungiwa, nakala za zamani zipo, ukitaka nenda kasome uandae toleo lako, huyu anamiliki la kwake tu.

Wanaponishika ni kwenye muda. Uingereza hakimiliki ya namna hii ni maisha ya mhariri na miaka 70 juu yake, hapo wamezidisha. Ujerumani toleo la kitaalamu, yaani lililoandaliwa kwa kulinganisha nakala za zamani kama hivi, linalindwa miaka 25 tangu lichapwe, na sheria ya Ulaya inaruhusu mwisho 30, hiyo inatosha mtu kula jasho lake. Na aliyechapa upya tu bila kusahihisha kitu asipewe hakimiliki ya mziki.

Halafu wale wanaotoa mfano wa Mozart, kwamba toleo lake kubwa la kitaalamu liko bure intaneti tangu 2006, wakumbuke taasisi ya Packard ya Marekani ndiyo iliyotoa hela likawekwa pale. Kwa Mozart mfadhili anapatikana, watunzi wa aina ya Lalande mara nyingi wanabaki na mhariri mmoja na huo mrabaha wake.