Kadi ya boksi la sabuni katika darasa la watoto 90

Mwaka jana, karibu kila wiki, nilikuwa nikiitwa langoni kwenye shule ya mwanangu hapa Busia, Uganda. "Mama, huyu mtoto hakai." Alikuwa darasa la tatu, watoto watano benchi moja, 90 darasani. Anainuka katikati ya somo, anajibu swali halijaisha, anarudi nyumbani bila daftari. Daktari akasema ni ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia, ambayo dalili zake huanza kabla ya miaka 12 na hujitokeza nyumbani na shuleni pia, si kwa mwalimu mmoja tu anayemchukia.

Nianze na fimbo, maana ndiyo "dawa" ya kwanza aliyoonjeshwa. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yameipiga marufuku shuleni, lakini ingalipo. Mtoto akichapwa hutulia kidogo kwa hofu, kisha mwili unarudi palepale, naye sasa anaichukia shule.

Tulichokubaliana na mwalimu wake ni kadi niliyoikata kwenye boksi la sabuni. Mistari mitatu: ameanza kazi alipoambiwa, ameinua mkono kabla ya kusema, amefunga daftari zake mkobani. Mwalimu anaweka alama ya vema mara mbili kwa siku, kabla ya chakula na kabla ya kengele ya mwisho. Akifikisha alama nne kati ya sita, jioni anaendesha baiskeli ya kaka yake mpaka magharibi. Shangazi yake alisema ninamhonga mtoto. Sikubaliani naye. Mtoto wa namna hii zawadi ya mwisho wa muhula haimfikii, iko mbali mno. Ya jioni hii anaiona.

Pingamizi lililonigusa zaidi lilitoka kwa mwalimu mwingine: "Mama, nikikaa na wako, hawa 89 niwaachie nani?" Ana haki. Tangu elimu ya msingi bila ada ianze mwaka 1997 madarasa yamefurika, na mwalimu huyo hana msaidizi. Lakini si kila mbinu inakula muda wake. Kumketisha mbele, mbali na dirisha, hufanywa mara moja. Kutoa agizo moja fupi badala ya manne kwa mpigo kunawasaidia hata wengine. Kumpa kazi ya kufuta ubao au kugawa daftari kunampa ruhusa ya kuinuka bila kosa. Na darasa zima likisimama kuimba kati ya somo na somo, hakuna atakayeuliza kwa nini yeye tu.

Je, hayo yanatosha? Hapa wanaotetea dawa wana hoja nzito. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliotolewa mwaka 1999, wa watoto 579, ulionyesha baada ya miezi 14 kwamba dawa iliyosimamiwa vizuri ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake, yaani mbinu za aina ya kadi yetu. Na mafunzo hayo yalikuwa na msaidizi wa darasani kwa majuma 12, kitu ambacho sisi hatuna. Hata hivyo, walipofuatiliwa kufikia mwaka wa tatu, tofauti hiyo ilikuwa imepotea. Tena dawa inayotumika zaidi, methylphenidate, Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021.

Kinachonitia wasiwasi ni kuuita umaskini wetu falsafa. Kuna watoto ambao kadi haitawatosha, na mzazi asiambiwe kwamba kutafuta dawa ni kushindwa. Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, ina kitengo cha watoto. Kutoka huku ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, na nauli yake si mchezo. Mimi nilianza na kadi kwa sababu ningeweza kuianza kesho yake asubuhi. Alama zisingepanda kufikia mwisho wa muhula, ningepanda basi.

Zilipanda, si kila siku. Ijumaa zilikuwa mbaya daima.

Mwaka huu yuko darasa la nne, mwalimu ni mwingine. Nilimpelekea kadi wiki ya kwanza, kabla sijamtajia ADHD, nikamwomba aijaze kwa wiki mbili tu.