Nyama ya siku ya posa

Mdogo wangu wa kike alipotuambia wageni wanaleta posa Jumamosi, mama akasema pilau, shangazi akapiga simu kutoka Bagamoyo akasema pilau, baba akasema pilau na mbuzi, mimi nikasema hapana bana, safari hii naoka nyama.

Niwaelezeni kwanza. Mimi ni mhudumu kwenye hoteli moja huku Masaki, sio mpishi, ila Jumapili pale huwa kuna bufee, na mpishi mkuu anasimama na kofia lake refu nyuma ya pande moja kubwa la nyama ya ng'ombe limepakwa majani mpaka limekuwa kijani, juu limekauka likiguswa na kisu linalia kru kru, ndani laini lina rangi ya waridi, watu wazima na hela zao wanapanga foleni wanasubiri kipande chembamba unaweza kusomea gazeti. Mimi nimejaza glasi za maji pembeni ya ile meza mpaka kila kitu kimeniingia kichwani. Nyama ya paja isiyo na mfupa, chumvi usiku kucha, asubuhi unapaka haradali, juu ya haradali unabandika chenga za mkate zilizochanganywa na rozimeri, taimu, kitunguu swaumu na siagi, oveni moto wa kati, kipimajoto unakichomeka katikati ya nyama, kikisoma nyuzi 60 unatoa, unaiacha ipumzike robo saa ndio unakata. Sio uchawi.

Basi nikaenda bucha. Nikasema nipe steki ya paja, kilo nne, kipande kimoja. Jamaa akasema poa, akanyanyua panga. Nikapiga ukelele, watu wakageuka.

"Kimoja?" 

"Kimoja."

"Kilo nne zote?" 

"Zote, usikate."

Akaweka panga chini taratibu. "Bosi, hiyo itaivia wapi?"

Nikamuelezea mambo ya oveni, akanisikiliza kwa huruma, halafu akanipa somo la bure. Akasema huyu ng'ombe katoka mnada wa Pugu, na mpaka kufika Pugu kasafiri kutoka mikoa huko, maisha yake yote alikuwa anatembea kutafuta majani na maji, hana mafuta huyu, hana mchezo. "Ukimuoka mzima mzima hivi utakula soli." Nikamwambia we funga tu. Hilo neno soli nilikuja kulirudia nyumbani mezani, kwa utani, mbele ya mama na shangazi ambaye ndio alikuwa kafika na mabegi yake. Wote wawili wakacheka. Kumbe hawakucheka vizuri.

Majani nilifuata Kisutu maana huku kwetu ukiuliza rozimeri wanakuuliza anakaa nyumba gani. Shangazi akayachukua, akanusa, akayageuza. "Baba, haya si majani ya mvinje haya? Wakwe wanakuja kuoa nyie mnawalisha mvinje?" Nikamwambia shangazi haya yananunuliwa kwa hela nyingi. Akasema "ndio nashangaa." Na kwa wasiojua, siku ya posa shangazi ndio serikali. Baba mwenyewe anaomba ruhusa kukaa kwenye kochi lake. Kwahiyo sikubishana, nikaipaka nyama chumvi, nikaiweka kwenye friji, nikatangaza nyumba nzima kuwa ile nyama asiiguse mtu hata kwa kidole, nikaenda kulala na roho safi.

Asubuhi nafungua friji nakuta nyama imelowa lowa, ina majimaji, ukiibonyeza inabonyea. Nikafurahi. Nikajua chumvi imefanya kazi. Nikaipangusa na kitambaa, haradali, chenga, majani, nikaigandamiza na viganja mpaka ikavaa koti zuri la kijani kila upande, mdogo wangu akapiga picha akaweka status. Oveni nyuzi 160, kipimajoto nimekiazima kwa mpishi mkuu kwa kuapa, nikakichomeka.

Shangazi akapita na kanga yake. "Mwanangu, ng'ombe keshachinjwa, unampima homa ya nini?"

Mambo yakaenda vizuri, nyumba ikaanza kunukia mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna chumvi na yeye ana duka la chumvi. Nyuzi 30, nyuzi 45, nyuzi 54, halafu paa, giza kwenye oveni. Luku imeisha. Oveni ile inakula umeme jamani, nilikuwa nimeiangalia yenyewe nikasahau jokofu, feni mbili na pasi ya mama ambayo tangu alfajiri inanyoosha vitambaa vya makochi.

Baba akasema msihangaike, nanunua kwenye simu. Akanunua. Ujumbe ukaja na namba zake 20. Baba hataki kusomewa namba na mtu yeyote, hataki pia kuvaa miwani siku yenye wageni, sasa mzee kasimama kwenye mita kashikilia simu mbali mkono umenyooka wote, anasoma mwenyewe anabonyeza mwenyewe, akifika katikati nane inageuka tatu, mita inakataa, anaanza upya, mita inakataa, anaanza kuilaumu mita kwa jina la mama yake. Mimi jikoni nimezuia mlango wa oveni na mgongo ili joto lisitoke. Na lilikuwa halitoki kweli, kipimajoto kikawa kinapanda taratiiibu kwa joto lile lile la ndani, 58, 60, 62, kikagoma hapo muda mrefu tu. Nikawa nashukuru Mungu.

Umeme unarudi na wageni wanapiga hodi.

Nikaongeza moto ili lile koti likauke, nikavaa aproni nyeupe ya kazini, nikaenda sebuleni kuamkia. Walikuja watu saba, bwana harusi mwenyewe hakuwepo kama ilivyo desturi, kaja baba yake mdogo, shangazi zake, na mshenga. Mshenga ni babu mmoja mwembamba kavaa kanzu na koti na kofia ya kiua, anaongea kwa upole sana, maneno yake mengine yanatoka na upepo. Akaanza na maneno ya adabu, kwamba walipita njia hii wakaona ua zuri limechanua kwenye bustani yetu na wao wana kijana wao mpenda maua, wote tumetulia, mdogo wangu kajificha chumbani na rafiki zake wanasikiliza mlangoni. Babu akasema "na barua yetu ni hii," akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso nyeupe imefungwa vizuri, akaipokeza kwa shangazi kwa mikono miwili. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili. Akaifungua.

Meno.

Seti nzima, ya juu na ya chini, yamekaa kwenye leso yanamwangalia shangazi. Sebule ikawa kimya, chumbani wakaanza kukohoa kwa pamoja. Babu akasema "a-a, samahani, hiyo ya mfuko wa pili," akachukua meno yake akayafunga tena, akatoa leso nyingine yenye barua, akaendelea na ua na bustani kama kawaida. Baadaye tukaambiwa yale meno yanambana, huwa anayavaa kwa picha tu. Baba yangu alikuwa anaangalia feni, akisubiri kitu kifuani mwake kipite.

Chakula kikafuata. Pilau lilikuwepo, mama alilipika pembeni "kwa ajili ya watoto," sufuria kubwa la watoto hamsini. Lakini katikati ya meza nikaleta nyama yangu kwenye ubao na wageni wote wakasema aaah, maana kwa kweli lilikuwa pande la heshima, juu pamekuwa kahawia na kijani, chenga zimekauka vizuri, harufu imepanda. Nikasimama vile anavyosimama mpishi mkuu. Kisu kirefu mkono huu, uma mkubwa mkono huu. Nikasema karibuni wakwe zetu, nikachoma uma ili niishikilie nyama nikate.

Uma ukaingia, ukapitiliza, ukagonga ubao. Ko.

Nikauvuta, ukatoka haujashika kitu. Nikajisemea labda nimepata sehemu laini, nikahama upande, ko tena. Nikaanza na kisu. Lile koti la juu likakatika kwa mlio wake mzuri kabisa, kru, halafu kisu kikadondoka chenyewe mpaka chini. Nikanyanyua kipande, likaja koti peke yake, lipo zima limesimama, nyama imebaki kule kwenye ubao imekaa chini imechoka, inasambaa polepole kuelekea bakuli la kachumbari.

Watu wakanyamaza. Baba mdogo wa bwana harusi akasogeza simu yake.

Shangazi akavunja ukimya kwa sauti ya ushindi. "Mnaona ilivyolainika? Na mlisema soli! Ningelala mimi usiku ule ingekuwaje? Nilikwangua papai bichi zima nikaipaka."

Mama akageuka. "Wifi, uliweka papai?"

"Nikaweka."

"Na mimi si niliamka alfajiri nikaweka? Nikalisaga kabisa, nikaichoma choma na uma kila mahali ili liingie ndani!"

"Kumbe lile lililobaki jikoni ulilichukua wewe?"

Haya mazungumzo jamani yanafanyika mbele ya posa. Ningeweza kuwaambia kitu lakini nilikuwa bado nimeshika lile koti la majani hewani sijui niliweke wapi. Mpishi mkuu alikuja kuniambia kazini kwamba papai lenyewe ni dawa nzuri tu ya nyama ngumu, linapakwa muda mfupi, huwa linaishia juu juu haliingii mbali, lakini ukilichomelea ndani kwa uma, halafu nyama ikae kwenye joto la nyuzi 60 na kitu muda mrefu, hapo ndipo lile papai linafanya kazi kwa nguvu zake zote. Yaani shangazi kaleta askari, mama kawafungulia mlango, na baba na zile namba zake 20 akawapa muda wa kutosha. Alicheka mpaka akavua kofia.

Sasa turudi mezani. Mshenga akakohoa kidogo. Akasema, "Kijana, lete kijiko."

Nikamletea kijiko. Babu akachota ile nyama, akaiweka mdomoni, akafumba macho. Akaimung'unya. Hakusema kitu. Akachota tena, safari hii na vipande vya lile koti akaviloweka kwenye juisi ya nyama mpaka vikalegea. Sahani ya kwanza ikaisha, akasukuma pilau pembeni kwa kiwiko, akaomba ya pili, na katikati ya ile ya pili akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba tangu meno yake yamwache hajawahi kualikwa mahali akala nyama ya ng'ombe, anapewaga mchuzi tu na pole. "Hawa watu wamenifikiria," akawaambia wenzake. "Hawa ni watu."

Ilipofika zamu ya mahari, baba akataja ile bei ya kuanzia, ile ambayo kila mtu anajua imewekwa juu ili ipigwe ishuke, na baba mdogo wa bwana harusi akaanza kuvuta pumzi ya kubishana. Mshenga akajibu kabla yake, macho nusu yamefumba, kijiko bado mkononi: "Sawa." Jamaa akamkanyaga mguu chini ya meza, nilimuona. Babu akasema "sawa, sawa, ila siku ya harusi hii nyama iwepo meza ya wazee."

Kwahiyo sasa hivi kuna kamati, kuna grupu la WhatsApp lina watu wengi kuliko ukumbi, na mwenyekiti wa chakula ni shangazi. Mimi nimepewa kazi ya kubeba oveni. Jana kaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa tupu: WAZEE NI 40, NYAMA KILO 20, MAPAPAI NALETA MWENYEWE. Mama akajibu chini yake kwamba na yeye ana mawili matatu uani, yasije yakaharibika bure.