Foleni ya Kasumbalesa haitoshei ndani ya gemu ya mtu mwingine

Jumamosi moja kijana wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliniita nikaone kazi yake. Betri ya laptopu yake ilikufa zamani, kwa hiyo tulibanana kando ya soketi, wote tukijua kwamba umeme ukienda na sisi tumeenda. Kwenye skrini lilisimama lori la Ulaya, ila lilikuwa limeshakuwa la kwetu: mabamba ya shaba yamefungwa nyuma kwa minyororo, turubai limechanika pembeni, udongo mwekundu umepanda hadi usawa wa mlango. "Yaya, angalia matope," akaniambia, kama tunavyowaita wakubwa zetu hapa, akalisogeza lori karibu. Matope yale aliyapiga picha mwenyewe kwenye lori lililoegeshwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akayabandika juu ya rangi ya kiwandani. Kazi ya majuma mawili.

Gemu yenyewe ni Euro Truck Simulator 2, ya kampuni moja ya Kicheki, iliyotoka mwaka 2012. Alichofanya yeye ni modi, yaani mabadiliko ambayo mchezaji anayapachika ndani ya gemu iliyoundwa na wengine. Kabla ya malori alikuwa fundi wa jezi: aliichukua PES, gemu ya soka, ile ya kwenye simu inayochezwa kwa programu ya kuigiza mashine ya PSP, akaitia klabu yetu ya TP Mazembe na mistari yake myeusi na myeupe. Faili ile ilizunguka mtaa mzima kwa Bluetooth na kadi za kumbukumbu kabla ya juma kwisha. Sasa anasema amechoka kupaka rangi nyumba za watu, anataka kujenga yake. Aache modi?

Wengi watamjibu ndiyo bila kufikiri, na mifano wanayo. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe. Kampuni ya Valve, wenye Half-Life, ikawachukua, na mwaka uliofuata ikaiuza kama gemu kamili. Dota ilizaliwa ndani ya Warcraft III, gemu ya kampuni ya Blizzard. Brendan Greene alianza kwa kuchezea modi za Arma, na mwaka 2017 akaiachia dunia PUBG, ambayo hata hapa Lubumbashi vijana wanaimalizia mega za juma zima kwa usiku mmoja.

Mifano hiyo ni ya kweli, lakini inadanganya kidogo. Kwanza ni ya waliofika tu. Pili, wale wa Counter-Strike hawakwenda kujitegemea, waliajiriwa, na kuajiriwa na kampuni ya Marekani si mlango unaokaa wazi kwa mtu wa Kamalondo. Mfano ninaoupenda mimi ni mwingine: The Forgotten City. Nick Pearce, mwanasheria wa Australia, aliitoa mwaka 2015 kama modi ya gemu ya Skyrim. Ilipendwa mno. Akaacha kazi, akaamua kuifanya gemu inayosimama peke yake, na ikatoka mwaka 2021. Miaka sita! Na katika miaka hiyo ilimbidi aache kila kitu kilichokuwa cha wenye Skyrim: mji ukageuka wa Kirumi, injini, yaani programu ya kuundia gemu, ikawa nyingine, watu na maneno vikaandikwa upya. Alichovuka nacho mto ni wazo tu, la mji ambao mtu mmoja akitenda dhambi wote wanaangamia. Mtengeneza modi akihama habebi nyumba, anabeba ramani.

Upande wa kubaki nao una hoja nzito. Modi inakupa wachezaji siku ya kwanza, kwa sababu gemu wanayo tayari na wanajua kuicheza. Inakufundisha picha, sauti, msimbo kidogo, na uvumilivu wa kutafuta kosa katika faili ambalo hukuliandika. Hakuna shule ya bei hiyo. Na haikudai umalize: ukibadilisha lori moja, una lori moja la kuonyesha. Gemu isiyomalizwa haina la kuonyesha.

Tatizo la modi ni mali. Mwaka 2015 Valve na Bethesda, wenye Skyrim, walijaribu kuruhusu modi za Skyrim ziuzwe. Mtengenezaji alipewa asilimia 25, wachezaji wakapiga kelele, na baada ya siku chache mpango ukafutwa. Mwaka 2020 Blizzard nayo iliandika katika masharti yake kwamba gemu zinazoundwa na wachezaji ndani ya Warcraft III ni mali yake. Walikuwa wameona Dota ilivyowaponyoka. Jezi za Mazembe za kijana wetu ni tabu juu ya tabu: PES ni ya Konami, jezi ni ya klabu, na faili linalonakiliwa vibandani halikununuliwa na mtu. Hawezi kudai hata franki moja bila kujichongea.

Gharama za kujitegemea zinaogopesha kuliko inavyostahili. Godot, injini ya kuundia gemu, ni ya bure, na huna deni kwa mtu hata ukiuza. Kusajiliwa Google Play ni dola 25, mara moja. Steam, duka la gemu za kompyuta, inataka dola 100 kwa kila gemu, kisha inakata asilimia 30 ya mauzo. Kinachouma ni malipo kurudi hadi hapa: fomu za kodi za Marekani, akaunti ya benki inayopokea dola kutoka nje, wakati mtaani kila mtu analipwa kwa simu. Haya yote yanatatulika. Kisichotatulika kwa pesa ni swali nililomuuliza yeye.

"Katika gemu yako, mchezaji atafanya nini?"

"Ataendesha lori."

"Kwenda wapi?"

"Kasumbalesa."

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa si hata kilomita 100. Dereva wa shaba hali jasho lake kwa kuendesha, analila kwa kungoja. Foleni inaweza kukuchukua siku nyingi. Unapika bukari, ugali wetu, chini ya tela, unalala jicho moja wazi maana usiku kuna wanaokuja na mpira na kidumu kufyonza mafuta, asubuhi unakuta umesogea malori mawili na mwenzako wa nyuma ameshapenya mbele. Karatasi moja ikikosa muhuri, unarudi mwanzo.

Jaribu kuyatia hayo katika Euro Truck. Mle ndani kuchelewa ni kosa, unakatwa pesa. Ukilala, saa zinaruka na unaamka salama. Matope unaweza kuyapaka, foleni huwezi, kwa sababu mwenye gemu alishaamua kwamba safari ni barabara. Hapo ndipo mimi naona mpaka ulipo. Kama unachotaka ni lori letu ndani ya mchezo wao, baki kwenye modi bila aibu. Kazi yako ni nzuri na watu wanaifurahia. Kama unachotaka kusema kinapingana na sheria za mwenye nyumba, hata uwe fundi namna gani utaishia kupaka rangi.

Najua jibu la upande wa pili: nani atanunua gemu ya kungoja? Huenda asiwepo. Modi ya Mazembe ilipata wachezaji ndani ya siku tatu. Gemu ya foleni inaweza kukaa mwaka bila mtu kuigusa. Ndiyo maana simshauri afute modi zake wala aanze na lori la kupendeza. Aanze na usiku mmoja, foleni moja, kwenye simu, maana laptopu mtaani zinahesabika. Picha bapa zinatosha. Miezi mitatu, na kama haijachezeka, arudi kwenye matope yake akiwa amepoteza kidogo.

Hakuridhika sana. Alitaka tope lionekane. Lakini umeme ulikuwa bado upo, tukafungua Godot aliyokuwa ameshaipakua, na ikatokea skrini ya kijivu, tupu. Akakaa akiitazama.

"Barabara iko wapi?"

"Haipo. Utaiweka wewe."

Akachora kisanduku kimoja, akakiita lori. Akafikiri, akachora cha pili mbele yake. Mshale wake ukazunguka ukitafuta namna ya kukitembeza, kisha akauondoa mkono kwenye mausi.

"Huyu wa mbele," akasema, "asisogee kwanza."