Mwacheni Aboronge

Shangazi yangu akinipigia simu huongea lugha ya nyumbani mwanzo mwisho. Namwelewa vizuri, hata mafumbo yake, kisha namjibu kwa Kiswahili. Tumekwenda hivyo miaka na miaka. Nilipokuwa mtoto niliwahi kumwamkia mgeni mzee kwa salamu ya marika. Sebule nzima ikaangua kicheko, na mjomba mmoja akawa anakisimulia kisa hicho kila tukikusanyika. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Lakini tangu hapo nikahamia kwenye lugha ambayo hata nikichapia hakuna anayejali.

Umoja wa Mataifa umeutenga muongo wa 2022 hadi 2032 kuwa wa lugha za asili, nami sina ugomvi na maazimio. Kamusi tuziandike, tena haraka. Ila lugha hukatikia kwa mtu wa katikati, mzazi anayeisikia na haisemi, na huyo mara nyingi amenyamazishwa na watu wake mwenyewe, kwa utani.

Wamaori wa New Zealand walipoanzisha kōhanga reo, yaani viota vya lugha, mwaka 1982, waliwaweka wazee na watoto wadogo pamoja wakaongea Kimaori tu, maana wazazi wengi lugha ilikuwa imeshawaruka. Hawaii ikafuata mwaka 1984 na viota vyake vya Pūnana Leo. Huko sheria ya 1896 ilikuwa imekifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Ninachokipenda kwa Wahawaii ni kwamba walimdai na mzazi: ukimleta mtoto, nawe ukae darasani ujifunze. Mtoto akirudi na maneno mapya kwenye nyumba isiyomjibu, ataongea na nani? Wasami, wenyeji wa asili wa Inari, Finland, nao walifungua kiota chao mwaka 1997, na mwaka 2009 wakawageukia watu wazima kwa mafunzo ya mwaka mzima, sehemu yake wakishinda na wazee.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa California. Tangu miaka ya 1990 wenyeji wa asili wa huko wamekuwa wakimkutanisha mzee mmoja na mwanafunzi mmoja, mtu mzima. Hakuna ubao wala mtihani. Wanafua, wanapika, wanazunguka pamoja, na Kiingereza kinawekwa kando. Mwanafunzi akikosa neno la kukamua, anaishika nguo iliyolowa na kuinyonga mikononi mpaka mzee alitaje. Analirudia. Kesho atakuwa amelisahau, basi watakamua tena. Kuboronga ndiyo kazi yenyewe, hivyo hakuna wa kushangaa.

Yuko pia Jessie Little Doe Baird, mwanamke wa Wampanoag, wenyeji wa asili wa Massachusetts, Marekani, aliyeanza kuifufua lugha ya watu wake mwaka 1993. Haikuwa na mzungumzaji kwa zaidi ya miaka 100. Alijifunza kutoka kwenye maandishi, ikiwemo Biblia iliyochapwa mwaka 1663, na binti yake akakua akiizungumza tangu utotoni. Mwanamke huyo hakuwa na mtu wa kumcheka, wala wa kumsahihisha. Sasa sisi wenye mashangazi wanaopiga simu tunalalamika nini?

Najua hoja ya wazee wetu: tukiwaacha vijana waseme ovyo, lugha itaharibika. Huenda ikabadilika kweli, ikapoteza utamu fulani. Mimi nachagua lugha iliyochubuka lakini inasemwa. Tena kusahihisha kupo. Tazama tunavyowafanyia watoto. Mtoto wa miaka miwili akisema kombo, mama humrudishia neno likiwa limenyooka, mazungumzo yakaendelea. Haiti majirani waje wasikie. Akiwa na miaka thelathini ndipo tunamgeuza kichekesho cha harusi.

Jumapili shangazi alipiga, nikamjibu kwa lugha yake. Sentensi moja tu, ya kumuuliza goti linaendeleaje, na ngeli nikaikosea palepale, nikaisikia ikianguka. Pakawa kimya kidogo. Kisha akalirudia neno langu taratibu, likiwa sawa, akaanza kunieleza habari za goti.