Yurea na matete ya Pwani: kinachofika mzizini

Mfuko wa kilo 50 wa yurea, mbolea ya viwandani, una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, na mfugaji wa Mtwapa au Kwale anayeununua kwa fedha ya maziwa ana haki ya kujua ni ngapi kati ya hizo zitakazofika kwenye mizizi ya matete yake, yaani nyasi ndefu za kulishia ng'ombe.

Wanaotetea mbolea ya viwandani wana hoja nzito. Matete yakikatwa na kubebwa hadi bandani, rutuba huondoka nayo: tani moja ya majani makavu yenye protini asilimia 8 huchukua takriban kilo 13 za naitrojeni, na samadi ya ng'ombe wawili watatu ni nadra kuziba pengo hilo, hasa ikiachwa juani.

Hata hivyo, yurea iliyomwagwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo katika joto la Februari, bila kufukiwa, hugeuka amonia ikaruka hewani, na udongo wenye chokaa ya matumbawe huizidisha hasara hiyo. Masika yakishuka, naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea iliyogeuzwa na vijidudu vya udongo, nayo huzama upesi katika mchanga usioweza kuishika, ikaelekea maji ya chini. Hili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa kuwa watu wengi wa Mombasa wanategemea visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe. Lakini vyoo vya shimo navyo huchafua maji hayo, wala si haki kumtwika mfugaji lawama yote.

Yurea iliyotiwa kizuizi, yaani kemikali ya kuichelewesha isigeuke amonia upesi, hupunguza kuruka kwa amonia, lakini ni ghali zaidi na haizuii naitreti kuzama. Mikunde kama klitoria, ambayo hutambaa, na lusina, ambayo ni mti, ambayo watafiti wa Mtwapa waliijaribu pamoja na matete, hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini, nayo ni lishe nzuri. Ila klitoria hufunikwa na matete yasiyokatwa kwa wakati.

Kwa hiyo simshauri mfugaji aiache yurea. Aigawe kidogo kidogo baada ya kila mkato, udongo ukiwa na unyevu, aifukie kwa jembe, na apande lusina mipakani mwa shamba. Ile yenye kizuizi ainunue tu pale asipokuwa na nguvu kazi ya kufukia.