Kosa la Mshairi, Kosa la Mhandisi

Anayeingia kidato cha tano Tanzania akachukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, huonekana mtu wa ubunifu. Wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, huitwa kichwa cha hesabu. Hoja ya wanaogawa hivyo ni kwamba sanaa ni uhuru, ufundi ni kanuni.

Aliyewahi kutunga tarbia atacheka. Kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16: nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, nane utao, nusu ya pili, na vina vya kati na vya mwisho vikae sawa. Unapata neno tamu, limezidi silabi moja, unalitupa. Seremala gani hupima kuliko hapo?

Tofauti mimi naiona kwingine, kwenye kosa. Mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa kitabu cha Kichomi mwaka 1974, chenye mashairi yasiyofuata vina wala urari wa mizani, wanamapokeo, watetezi wa kanuni za zamani, walikataa kuyaita mashairi. Mabishano yakawa marefu na makali. Leo mashairi huru yana nafasi yake darasani, hata kwa wasioyapenda. Kwenye sanaa, kosa linaweza kusubiri wasomaji wake.

Sasa tazama M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya na Safaricom mwaka 2007. Majaribio yake yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo, lakini watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na waliobuni huduma wakawafuata huko. Kibanda cha kuuza kadi za simu kikawa dirisha la kuweka na kutoa pesa. Huo ni ubunifu kamili, tena wa kuona kile ambacho wengine walipita wakikitazama. Ila ndani ya mtambo hakuna mashairi huru: shilingi 500 zikitoka kwako zisifike, huwezi kumwambia mama anayezisubiri kijijini kwamba huo ni mtindo mpya.

Wahandisi watanipinga kwamba nao, kabla mtambo haujawashwa, hucheza na mawazo kama msanii, wakichora na kufuta. Kweli kabisa, na hapo sioni tofauti yoyote. Njia hutengana baadaye, siku ya kukabidhi kazi. Mshairi aliyekataliwa anaweza kurudi na shairi lilelile baada ya miaka kumi, bila kubadili hata nukta. Mhandisi harudi na daraja lililoanguka.