Mwalimu wa bendi ya jazi shuleni Tabora: chuo, semina au wazee wa dansi?

Tabora neno "jazi" lina historia yake. Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz zilitoka hapa, na muziki wao ulikuwa dansi: gitaa la solo, la rizimu na la besi, tumba, dramu, na wapulizaji wanaoingia kiitikio kikishakaa sawa. Ajabu ni kwamba Marekani jambo lilikuwa kinyume. Mwaka 1947 chuo kimoja cha Texas, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha North Texas, kilipoanzisha shahada ya jazi, kiliiita shahada ya bendi ya dansi, kwa kuwa neno jazi halikuwa na sifa nzuri miongoni mwa wasomi. Wao waliificha jazi nyuma ya dansi, sisi tuliipa dansi jina la jazi. Kwa hiyo anayezungumzia mafunzo ya mwalimu wa bendi ya jazi katika shule ya sekondari ya Tabora hana budi kusema kwanza: jazi ipi?

Swali hilo ndilo linaloamua mwalimu afunzwe nini, wapi, na kwa muda gani. Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kumpeleka chuo: Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, chenye jina la siku nyingi katika kuandaa walimu wa muziki, au TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), taasisi iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981. Ya pili ni semina fupi wakati wa likizo. Ya tatu ni kumkabidhi kwa wanamuziki wakongwe wa dansi ajifunze kwa kusikiliza na kushika chombo. Kila njia ina watu wanaoitetea kwa moyo wote, na kila upande una hoja.

Wanaotetea chuo wana hoja moja nzito kuliko zote: mdomo wa mpulizaji haujengwi kwa siku kumi. Tarumbeta na tromboni hupigwa kwa misuli ya midomo na pumzi ya tumboni, na misuli hiyo hukua polepole, kwa noti ndefu za dakika kumi hadi kumi na tano kila siku, miezi mfululizo. Mwalimu ambaye mdomo wake haujapita njia hiyo hawezi kusikia kosa la mwanafunzi anayekandamiza kipulizio mdomoni ili afikie noti ya juu. Mwanafunzi huyo atafika juu leo, na baada ya nusu saa midomo itakuwa imekufa ganzi. Chuo pia humfundisha mwalimu kusoma noti za mistari mitano na kupanga sauti, na humpa cheti ambacho mwajiri anakitambua. Hilo la cheti si dogo. Bila cheti, bendi inabaki kuwa kazi ya kujitolea baada ya vipindi.

Lakini chuo kina gharama isiyoonekana kwenye ada. Mwalimu akiondoka miaka miwili, vipindi vyake vya hisabati au Kiswahili vinabebwa na nani? Na akirudi, uhamisho unaweza kumpeleka wilaya nyingine, bendi ikafa vyombo vikiwa bado vinang'aa. Tena kusoma muziki si lazima kuwe kusoma bendi. Mtu anaweza kubobea katika uimbaji au ngoma asishike saksafoni hata mara moja.

Semina fupi inasifiwa kwa sababu ni rahisi na inafikia walimu wengi kwa pamoja. Udhaifu wake uko kwenye mpangilio. Siku kumi za saa sita ni saa 60 tu, na mara nyingi saa hizo hutapanywa: kidogo cha tarumbeta, kidogo cha saksafoni, historia, nadharia, kisha mwalimu anapewa rundo la nakala za noti za bendi kubwa ya Kimarekani. Bendi hiyo ina watu 17: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, piano, gitaa, besi na dramu. Anarudi shuleni penye magitaa mawili na tarumbeta tatu, na moja kati ya hizo vali yake, kitufe cha kubadili noti, imekwama. Zile nakala zinaishia kabatini. Nakala zenyewe ni nzuri; taasisi ya Jazz at Lincoln Center ya New York imekuwa ikizipelekea shule kazi za Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi wa Kimarekani, tangu miaka ya 1990, na manufaa yake yanaonekana. Ila zimeandikwa kwa shule ambayo tayari ina vyombo 17 na mwalimu mwenye shahada ya muziki.

Njia ya wazee wa dansi inadharauliwa mno, na hapa ndipo penye utajiri. Jazi ya Marekani na dansi ya Tabora zinakutana kwenye jambo moja: mwanamuziki anatunga papo hapo juu ya msingi ambao wenzake wanaushikilia. Mpiga solo wa dansi hufanya hivyo kila chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, linapoanza. Anajua kurudia kifungu kifupi hadi mchezaji akishike, kisha kukigeuza kidogo. Anajua kuacha nafasi ili rizimu isikike. Somo hilo ni gumu kuandikwa ubaoni, na mwalimu akikaa wiki mbili karibu na gitaa la namna hiyo atapata kitu ambacho kitabu hakimpi.

Wakongwe nao wana mipaka yao. Wengi wanajua chombo kimoja kwa undani na hawajawahi kufundisha watoto 40 kwa mpigo. Walichonacho hakijaandikwa, kwa hiyo kinaondoka na mtu. Mapigo nayo yanatofautiana. Katika dansi, noti mbili ndani ya pigo moja hugawanywa sawasawa. Katika swingi ya Kimarekani ya mwendo wa kati, ya kwanza huwa ndefu na ya pili fupi, kama vile pigo limekatwa mara tatu na noti ya kwanza ikachukua sehemu mbili. Mwendo ukiwa wa kasi, tofauti hiyo hupungua. Aliyelelewa na dansi peke yake atapiga swingi kama rumba. Kinga ya wanafunzi pia isipuuzwe: mwanamuziki mgeni aje shuleni mchana, mwalimu akiwepo, alipwe posho inayoeleweka. Watoto wasipelekwe ukumbini usiku kwa kisingizio cha mazoezi.

Kuna hazina nyingine ambayo mjadala huu huisahau: walimu wa kwaya. Katika makanisa ya Tabora wapo watu wanaosoma sol-fa, noti za do, re, mi, bila kusita, na Wamoravian, wenye makao ya Jimbo la Magharibi hapa mjini, wana desturi ya matarumbeta pia. Mwalimu wa kwaya akiingia kwenye bendi ya jazi, nusu ya kazi imekwisha. Chukua mfululizo wa kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, unaotokea kila mahali katika jazi: katika C, ni Dm7, G7, kisha Cmaj7. Ukitazama sauti ya tatu na ya saba ya kila kodi, unapata nyuzi mbili tu za sauti. Moja ni fa, fa, mi. Nyingine ni do, ti, ti. Mpe mpulizaji mmoja uzi wa kwanza na mwingine uzi wa pili, besi ishike mizizi, yaani sauti za msingi za kodi, re, so, do, na tayari kodi zote tatu zinasikika bila piano. Mwalimu wa kwaya anaweza kuwaimbisha wanafunzi nyuzi hizo kabla hawajagusa chombo. Semina inayoanza na mistari mitano siku ya kwanza inamfanya mtu huyo ajione mjinga bila sababu.

Sol-fa husaidia tena kwenye tatizo linaloua bendi changa kuliko yote: ufunguo. Tarumbeta na saksafoni ya tenori ni vyombo vya B flati. Saksafoni ya alto ni ya E flati. Gitaa likipiga C, tarumbeta na tenori husoma D, na alto husoma A. Wapiga gitaa hupenda E na A kwa sababu ya nyuzi wazi. Gitaa likiwa E, tarumbeta inajikuta kwenye F shapu, yenye shapu (alama za kupandisha noti) 6, na alto kwenye C shapu, yenye shapu 7. Mtoto wa kidato cha pili hawezi, na mwalimu asiyejua sababu atadhani mtoto ni mzito. Dawa ni ndogo: kapo, kibano cha kubana nyuzi, kiwekwe freti ya kwanza, chuma cha kwanza kwenye shingo ya gitaa. Mpiga gitaa anaendelea na mkono wake wa E, sauti inatoka F, tarumbeta inasoma G yenye shapu 1, alto inasoma D yenye shapu 2. Mkono wa A kwenye freti hiyohiyo unatoa B flati, na hapo tarumbeta inasoma C tupu. Mwalimu anayelijua hilo peke yake ameokoa muhula mzima.

Ufundi wa vyombo usiachwe hadi siku ya mwisho, kama inavyozoeleka. Vali za tarumbeta zina namba 1, 2 na 3. Zikirudishwa kwa kupishana, hewa haipiti vizuri na chombo kinadhaniwa kimekufa. Matone mawili matatu ya mafuta ya vali kwa kila moja yanatosha, na mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, huganda. Tarumbeta huoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Saksafoni haitumbukizwi majini, kwa kuwa padi zake hulowa na kuharibika. Kipulizio kikikwama kisivutwe kwa koleo, bomba hujipinda. Kiangazi cha Tabora ni kikavu, na ridi ya saksafoni, kile kipande chembamba kinachotetemeka kwenye kipulizio, hujikunja. Ilowekwe dakika moja au mbili kabla ya kupigwa, na ihifadhiwe ikiwa imelala bapa. Anayeanza apewe ridi laini, namba 2. Namba 3 itamchosha na atatoa hewa tupu. Joto la mchana nalo hupandisha sauti za vyombo vya kupuliza, huku nyuzi za gitaa zikilegea, kwa hiyo bendi iliyopatanishwa asubuhi ipatanishwe upya kabla ya kupiga saa tisa. Mpulizaji avute bomba la kupatanishia nje kidogo badala ya kubana midomo. Kwenye tromboni, mtoto mwenye mkono mfupi hafikishi bomba la kuvuta nafasi ya 6 na ya 7, zilizo mbali zaidi; aandikiwe sauti zinazokwepa nafasi hizo.

Uamuzi wetu unaegemea likizo, ila si semina ya mara moja. Siku 10 za Juni, siku 10 za Desemba, na siku 5 za Juni inayofuata, huku mkufunzi akitembelea kila shule angalau mara moja katikati. Kwa zile siku 10 za kwanza tungegawa saa 60 hivi: 20 za chombo kimoja cha kupuliza ambacho mwalimu amekichagua, 12 za besi, dramu na tumba, 10 za kodi kwa sol-fa, 8 za kupanga sauti, 6 za ufundi wa vyombo, na 4 za kuongoza mazoezi. Chombo kimoja tu, si vitano. Atakayeshika tarumbeta kwa mwaka mzima atawaelewa hata wanafunzi wake wa tromboni, kwa kuwa mdomo ni wa ukoo mmoja. Mkongwe wa dansi aingie kwenye zile 12, na chemko liwe mlango wa kutunga papo hapo. Swingi ije Desemba, mapigo yakishakuwa mwilini.

Kati ya vikao, mwalimu arekodi dakika tatu za noti ndefu kwa simu kila wiki na kumtumia mkufunzi. Sauti inayotetemeka au inayoanza kwa mlipuko inasikika hata kwenye spika mbovu, na inarekebishwa kabla haijawa tabia.

Upinzani wa haki kwa mpango huu ni kwamba siku 25 hazimfanyi mtu mwanamuziki. Ni kweli. Kwa hiyo chuo kisifutwe: yule atakayeonekana baada ya mwaka ana sikio na subira ndiye apelekwe Butimba au Bagamoyo, akiwa na bendi inayomsubiri na mwenzake wa kuishika. Ndiyo maana kila shule ipeleke walimu wawili tangu mwanzo, na kiranja wa bendi wa kidato cha tatu afundishwe kusafisha vali na kupatanisha. Uhamisho ukimchukua mwalimu mmoja Jumatatu, mazoezi ya Jumatano yawepo.

Na vyombo vinunuliwe kwa kipimo cha mafunzo, si kabla yake. Watu kumi wanatosha: tarumbeta 2, alto 1, tenori 1, tromboni 1, magitaa 2, besi, dramu na tumba. Wimbo wa kwanza uwe ule ambao shule nzima inaujua tayari, katika F, kapo ikiwa freti ya kwanza.